Hali ya Hewa ya Kizukuri

Kizukuri, 21 Novemba 2022
Asubuhi: mawingu ya chini, upepo wa magharibi, theluji ya kwanza. Nimepima kwa rula juu ya ukuta wa bustani: sentimita mbili.

Misaho mwanangu,

Mimi ni mzima, ila masikio ndiyo yaleyale. Jana mtu wa gesi aligonga mlango mpaka akachoka, akazunguka na kunipungia mikono dirishani kama anayesimamisha treni. Figili nimezianika chini ya paa, arobaini na mbili. Kaburi la baba yako nimelisafisha kabla theluji haijalifunika. Nimemwambia mdogo wangu huyo, hapo kaburini, kwamba binti yake bado anapakia mizigo ya watu kwenye uwanja wa ndege wa Miyazaki, lakini leseni yake ya urubani haijaota kutu.

Kadi yako imefika Jumamosi, nimeisoma mara tatu. Kwamba lile shirika dogo la ndege za visiwani linachukua marubani wawili, na baada ya hao halichukui tena mtu aliyejisomesha mwenyewe. Nawe una miaka thelathini na mitatu. Kwa hiyo ni sasa, au ni mizigo mpaka uzeeni. Sisemi kwa ubaya, naandika tu kama nilivyozoea kuandika kwenye daftari.

Ila kuna pahali sikuelewa. Umesema hatua ya kwanza ni usaili wa video na kwamba "hakuna mtu." Hakuna mtu vipi? Anayeuliza ni nani? Nieleze polepole, na kwa barua. Usinipigie simu. Nitasema "ndiyo, ndiyo" halafu nisijue nimekubali nini.

Shangazi yako,
Tsuya

Nililala saa tatu na dakika ishirini usiku.


Miyazaki, 3 Desemba
Asubuhi: jua, nyuzi kumi na tisa, upepo mwanana.

Shikamoo Shangazi,

Natumaini baridi haijakuzidi. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Watu wa Tokyo wanarudi na viazi vitamu vizito kama mawe.

Nimefurahi kuona bado unafunga barua kwa saa ya kulala, kama kwenye shajara yako, na bado unaacha nafasi na kuijaza asubuhi kwa kalamu nyingine. Nikuambie siri. Kila barua yako ikifika naangalia tarehe, nakwenda kutafuta taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo ya Aomori, uwanja wa ndege ulio karibu nawe, nalinganisha. Marubani tuna ugonjwa huo. Hujawahi kukosea hata mara moja.

Sasa usaili. Ni hivi: unakaa peke yako chumbani mbele ya kompyuta. Swali linatokea limeandikwa. Unapewa sekunde thelathini za kufikiri, halafu taa ndogo nyekundu inawaka na una dakika moja na nusu ya kujibu. Likija swali la pili, la kwanza limekwenda, hakuna kurudia. Video inatumwa, na watu wataitazama siku nyingine, pengine wakila chakula cha mchana. Mwisho wa kutuma ni tarehe kumi Februari.

Sikukuambia, lakini nimeshafanya usaili wa namna hii mara mbili, kwenye mashirika mengine, na mara zote mbili nimeanguka hapohapo. Maneno ninayo. Tatizo ni kwamba sisi tumezoea mtu akisema, mwenzake anaitikia: ehe, naam, kumbe. Ndipo maneno yanasogea. Mimi nikimaliza sentensi nasimama kidogo kungoja "ehe." Haiji. Nasimama tena. Nilipojitazama baadaye nilionekana kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Mizoguchi, mwenzangu wa zamu, alikubali kukaa pembeni na kuniuliza maswali. Akasema, "Dada, mbona unaongea kama unaliomba jokofu msamaha?" Nikacheka mpaka machozi, kisha nikarudi chumbani na jokofu lilikuwa palepale.

Usipande juu ya paa kufagia theluji mwaka huu. Mwite Kasai, yuko hapo ng'ambo ya barabara.

Wako,
Misaho


Kizukuri, 12 Desemba
Asubuhi: theluji tangu alfajiri, upepo wa kaskazini-magharibi, sentimita thelathini na moja.

Misaho,

Kuhusu paa: nimekusikia. (Mimi kiziwi, lakini nimekusikia.)

Nimefikiri juu ya jambo lako siku nne. Unajua kwamba nilikuwa mlinzi wa kivuko cha reli tangu nikiwa na miaka ishirini mpaka walipoweka kizuizi kinachojishusha chenyewe. Miaka kumi na saba. Hujawahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini humo kibandani, maana watoto huona ni kupandisha na kushusha tu.

Kila treni, kabla haijafika, nilisimama nje, nikanyoosha mkono, nikaelekeza kidole kulia na kutamka kwa sauti: "Kulia, hakuna kitu!" Kushoto vilevile: "Kushoto, hakuna kitu!" Kisha kizuizi: "Kimeshuka!" Treni kumi na nane kwa siku. Hakukuwa na mtu wa kunisikia. Wakati wa theluji hata mimi sikujisikia. Lakini ukitamka, jicho linalazimika kwenda kidole kinakoelekeza. Sauti ile haikuwa ya kumwambia mtu. Ilikuwa ya kazi yenyewe.

Kwa hiyo acha kungoja kuitikiwa. Kabla taa haijawaka elekeza kidole kwenye lile jicho la kamera, utamke: "Jicho, lipo!" Kisha sema unachosema. Neno lililosemwa sawasawa halihitaji "ehe."

Nikuongezee moja ambalo baba yako hakulijua. Februari 1978 nilikuwa na homa. Nilinyoosha kidole kushoto nikasema "hakuna kitu," na macho yangu yalikuwa chini, kwenye viatu. Mzee mmoja alikuwa anavuta kitoroli cha kabichi relini. Treni ilimpita kwa urefu wa mkono. Alikuwa akitazama kabichi zake, hakujua. Dereva hakujua. Niliingia kibandani nikaandika kwenye daftari la zamu: "Nimesema hakuna kitu bila kutazama." Nikakatwa mshahara wa siku kumi. Mkubwa wangu alishangaa, "Tsuya, we mjinga? Nani angejua?"

Kula vizuri.

Tsuya

Nililala saa tatu na dakika tano usiku.


Miyazaki, 27 Desemba
Asubuhi: mawingu mepesi, nyuzi kumi na moja.

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka unaokuja. Sitaweza kuja. Mwaka mpya ndio mizigo inapofurika, na walio na watoto wamepewa likizo kwanza. Nimekutumia machungwa sanduku moja. Keki za mochi hunata kooni, kula vipande vidogo, tafadhali.

Nimefanya ulivyosema. Siku ya kwanza niliona aibu kutamka "Jicho, lipo!" katika chumba kidogo cha kuenea mikeka minne tu, jirani akigonga ukuta. Siku ya tatu nilizoea. Sasa napita dakika moja na nusu bila kusimama.

Kuna jambo nimegundua. Ukitazama picha ya mtu kwenye skrini, yeye anakuona umeinamisha macho. Ukitaka aone unamtazama usoni, utazame lile tundu jeusi juu ya skrini, ambapo hakuna uso. Najizoeza kutazama tundu. Nimeweka kitone cha rangi nyekundu pembeni yake.

Nimeona kwenye taarifa kwamba huko mmepata theluji ya sentimita tisini ndani ya siku nne. Kasai amekuja kufagia paa? Nijibu upesi, hata kwa kadi.

Misaho


Kizukuri, 19 Januari 2023
Asubuhi: ya kawaida ya Januari. Theluji nyingi.

Misaho mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Sikukuu hufanya mtu mvivu. Machungwa yalikuwa matamu, nimegawa mengi. Mwandiko umekwenda upande kwa sababu ya kalamu, wino umeganda kwa baridi.

Habari kubwa ni kwamba nina jirani mpya, Bi Fukushi, mjane kutoka pwani. Anakoroma kiasi kwamba hata mimi kiziwi namsikia. Nimemwandikia kwenye karatasi: "Unakoroma kama trekta." Akachukua kalamu akajibu: "Na wewe unaota kwa sauti, unapiga kelele kulia-kulia, kushoto-kushoto. Tuvumiliane."

Jizoeze. Zimebaki wiki tatu. Usifikirie kitu kingine chochote.

Tsuya

Nililala saa nane na nusu usiku.


Miyazaki, 28 Januari
Asubuhi: baridi, jua.

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kupata barua yako. Bi Fukushi anaonekana mtu wa raha.

Mazoezi yanaendelea, isipokuwa swali moja ambalo kila shirika huuliza: "Tueleze kosa ulilowahi kufanya, na ulifanya nini baada ya kuligundua." Jibu langu ni la wakati wa mafunzo, nilisahau kukagua mafuta mara ya pili, nikakumbuka kabla ya kuruka, nikarudi. Mizoguchi alisikiliza akaniambia, "Hilo si kosa dada, hilo tangazo la biashara."

Angalia theluji hiyo nyingi.

Misaho


Kizukuri, 5 Februari
Asubuhi: theluji inaanguka taratibu, hakuna upepo. Sentimita arobaini.

Misaho,

Kila kitu ni sawa hapa. Nakula, nalala. Jana nilikaanga samaki.

Hii naandika iwahi kukufikia kabla ya siku yako. Vaa ile suti nyeusi, funga nywele zisifunike masikio. Elekeza kidole. Tamka. Mimi nitakuwa nakufikiria wakati wowote utakaoketi.

Tsuya

Nililala saa kumi alfajiri.


Miyazaki, 10 Februari
Asubuhi: mvua kubwa, upepo wa kusini, mawingu mita mia mbili tu kutoka ardhini.

Shangazi,

Leo sitaanza kwa salamu, unisamehe.

Barua yako ilifika tarehe nane. Nikaangalia Aomori ya tarehe tano Februari. Jua. Nyuzi tano. Hakukuanguka hata chembe moja ya theluji, si uwanjani wala Kizukuri. Wewe unayepima kwa rula ulinieleza siku ambayo haikuwepo.

Lakini hilo si la tarehe nane. Nilijua tangu Januari. Uliandika "ya kawaida" na "theluji nyingi", na wewe hujawahi kuandika hivyo tangu nijue kusoma. Tena jirani gani huyo anayesikika akikoroma, na ukuta wa nyumba yako uko mita thelathini kutoka kwa Kasai, jirani wa karibu kuliko wote? Mtu anayelala saa tatu analala saa nane. Niliona yote. Nilikaa na barua ile jioni nzima, nikajua nikiuliza utanijibu, ukinijibu nitapanda ndege kuja, nikija nitakosa kujiandaa. Nikaandika Bi Fukushi ni mtu wa raha.

Jana saa nne asubuhi niliketi. Nikaelekeza kidole: "Jicho, lipo!" Sikujua kwamba hapo tayari inarekodi. Taa ndogo ilikuwa imewaka tangu nilipogusa kitufe, kwa hiyo wataniona nikinyoosha kidole na kupaza sauti katika chumba kitupu kama mlinzi wa reli. Nikaendelea. Swali la nne likatokea: kosa. Jibu la mafuta nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema hivi, nayaandika kama nilivyoyasema:

"Shangazi yangu aliyenilea huniandikia hali ya hewa ya kila asubuhi. Mwezi uliopita taarifa yake haikufanana na zake za siku zote. Niliona tofauti, nikaipita, kwa sababu kweli ingeharibu mpango wangu. Hilo ndilo kosa. Baada ya kuligundua sijafanya kitu bado. Nikimaliza hapa nitamwuliza."

Sekunde arobaini zilibaki. Sikuzijaza. Nilitazama lile tundu mpaka taa ikazimika.

Shangazi, umesema "hakuna kitu" bila kutazama. Uko wapi?

Misaho


Hospitali, Goshogawara, ghorofa ya tatu, 19 Februari
Asubuhi: sijui. Kitanda changu kiko ukutani upande wa mlango. Nimemwuliza muuguzi, ameandika "mawingu."

Misaho,

Nilipanda juu ya paa tarehe tatu Januari. Theluji ilikwenda nami. Nyonga imevunjika, wameweka chuma. Kasai alinikuta kwa sababu aliona koleo la theluji limesimama na mimi sionekani. Yeye ndiye huniletea barua zako kila Jumapili, anaziacha mapokezi, maana tangu lile gonjwa la barakoa wageni hawapandi wodini.

Nilijua ukisikia utakuja. Na ungekuja ungeikosa nafasi hiyo kwa ajili ya kukaa kwenye benchi la mapokezi. Nilihesabu, nikaona afadhali theluji ya uongo. Sikukumbuka kwamba wewe hulinganisha.

Nilimwonyesha Bi Fukushi, wa kitanda cha pili, barua yako. Akasoma yote, akaandika: "Mtoto kakukamata." Nikaandika: "Kanitaja kwa watu nisiowajua, hana adabu." Akaandika: "Na wewe ulimfundisha mwenyewe, sasa unalia nini?" Silii. Ni dawa ya macho.

Hospitali ina utaratibu wa kuonana kwa kishikwambi, dakika kumi, Jumapili. Mimi sitasikia. Lakini kama unataka.

Tsuya

Nililala saa tisa usiku.


Miyazaki, 21 Machi
Asubuhi: ukungu, umetoweka saa mbili na nusu.

Shangazi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Muuguzi alisema unatembea hatua kumi ukishika chuma.

Nilipita usaili wa video. Tarehe mbili Machi wakaniita kwa usaili wa ana kwa ana na jaribio la kurusha ndege ya kuigiza. Kwenye meza walikuwa watu watano. Kepteni mmoja mzee hakuuliza lolote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Leo huko kwa shangazi yako kukoje?" Nikajibu, "Mvua nyepesi, nyuzi nne. Lakini hiyo ni ya uwanja wa ndege. Ya dirishani kwake sijaipata, hana dirisha." Akaandika kitu, akasema, "Ehe."

Shangazi, wamenichukua. Naanza tarehe moja Aprili, Kagoshima. Mafunzo ni mwaka mzima, na mpaka Agosti hakuna ruhusa. Nimeisoma barua yao nikiwa nimesimama karibu na mkanda wa mizigo. Mizoguchi alinipiga begani, akasema, "Basi nenda dada, jokofu nitalitunza mimi." Nilirudi chumbani nikakaa, sikujua nimwambie nani. Ndiyo maana nakuandikia.

Kuna jambo la tarehe tano Machi, zile dakika kumi zetu. Nilijua husikii, kwa hiyo nilitaka angalau uone kwamba nakutazama usoni. Nilitazama kitone changu chekundu na lile tundu, dakika zote kumi, kama nilivyojizoeza. Nikasema yote niliyokuwa nayo. Skrini ilipozimika ndipo nikatambua kwamba sikukuona. Sijui ulivaa nini. Sijui umekonda kiasi gani. Niliona tu kitu cheupe chini ya macho yangu kinasogeasogea.

Misaho


Hospitali, Goshogawara, 29 Machi
Asubuhi: nimesukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka dirisha la mwisho wa ukumbi, nimetazama mwenyewe. Anga wazi, upepo wa kusini. Mlima unaonekana mpaka kileleni. Theluji imebaki kwenye kivuli cha maegesho tu; rula yangu iko nyumbani, nakisia sentimita kumi na tano.

Misaho mwanangu,

Rubani. Nimeliandika neno hilo kwenye shajara na siku haikuwa na neno jingine.

Nyumbani sirudi. Mwezi ujao natoka hapa kwenda kwenye nyumba ya wazee, na Bi Fukushi anakwenda kwao pwani. Kasai ataondoa figili kabla hazijaoza. Hili nakuambia sasa, kabla hujalinganisha na kitu.

Nilivaa sweta ya kijivu, ile uliyoninunulia. Nimekonda kilo sita. Wewe ulinitazama machoni dakika kumi bila kukwepa. Watu wote kwenye ile mashine hunitazama tumboni. Sikusikia neno hata moja. Lakini kila mdomo wako uliposimama, niliitikia kwa kichwa. Ehe. Naam. Muuguzi alifikiri shingo inaniuma. Hicho cheupe kilichosogea ni nywele zangu.

Tarehe moja, kabla hujaingia kazini, nyoosha kidole kulia, nyoosha kidole kushoto, utamke kwa sauti. Na utazame kweli.

Shangazi yako,
Tsuya

Nililala saa nane na dakika arobaini usiku. Nimetazama saa.